Mwongozo kamili wa kununua na kuishi na Porsche 911 Carrera RS 2.7 nyepesi, ile ya M471

Watu wengi ukiwatajia Carrera RS 2.7 wanaukumbuka ule mkia wa bata nyuma, yaani kile kibawa kidogo juu ya kifuniko cha injini, na yale maandishi marefu ubavuni, basi. Lakini ndani ya hizo RS kuna ndogo yao, nyepesi kuliko wenzake, ile iliyoagizwa kiwandani kwa namba M471, na hiyo ndo naiongelea hapa maana kuimiliki ni kazi tofauti kabisa na kumiliki 911 nyingine yoyote ya zamani. Nina miaka 11 namtunzia mzee mmoja gari yake ya aina hii, naiwasha mimi, naipeleka kwa fundi mimi, nalala chini yake na tochi kutafuta tone la oili limetokea wapi, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyashika kwa mkono.

Jambo moja ulishike kabla hatujaenda mbali. Gari hii thamani yake iko kwenye vitu ambavyo haina. Kila utakachofanya kwenye gari hii jiulize kama unaongeza kitu au unapoteza kitu, kama ni mojawapo, simama kwanza.

HATUA YA 1: Ijue unayoitafuta

Mwaka 1972 Porsche walikuwa wanataka gari ya kushindana daraja la Group 4, na sheria ilidai zitengenezwe 500 za kuuzia watu wa kawaida. Idara ya mauzo ilikuwa na wasiwasi nani atanunua gari 500 za namna hiyo. Ikaonyeshwa Paris Oktoba 1972 na mpaka Novemba inaisha zote 500 zina wenyewe, wakaendelea kutengeneza hadi zikafika 1,580 mwaka 1973. Katika hizo, 1,308 ni Touring, yaani M472, zenye starehe za kawaida za ndani, 200 ndo hizi nyepesi M471, 55 ni RSR za mashindano kabisa, na 17 ni zile za mwanzo zilizobaki kwenye hali ya kupimiwa uzito ili gari ikubaliwe kushindana. Hesabu hii ikae kichwani maana ukiona mtu wa tatu mfululizo anakwambia anayo nyepesi halisi, kumbuka ni 200 tu duniani na nyingine zilishagongwa kwenye mashindano miaka mingi iliyopita.

Injini ni ileile kwa M471 na M472, silinda 6 zilizolala, ujazo 2,687 cc, hosipawa 210 kwenye mizunguko 6,300, inapozwa na hewa, mafuta yanapulizwa na pampu ya Bosch ya kimekanika. Tofauti ni kilo. M471 ina kilo 960, Touring ina 1,075, na hizo kilo 115 ndo zinafanya nyepesi ifike 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.8 wakati mwenzake anachukua 6.3. Spidi ya mwisho ya nyepesi ni kilomita 245 kwa saa.

Sasa hizo kilo zilitoka wapi? Hapa tulia kidogo maana ndo moyo wa jambo. Bati la bodi jembamba, vioo vyembamba vya Glaverbel kutoka Ubelgiji, bampa za faiba mbele na nyuma, kifuniko cha injini cha faiba. Ndani hakuna siti za nyuma, hakuna saa kwenye dashibodi, hakuna kizuia jua upande wa abiria, hakuna mfuniko wa kidroo cha dashibodi, hakuna sehemu ya kuegeshea mkono mlangoni. Zulia ni jembamba kama blanketi kuukuu. Kufungulia mlango kwa ndani unavuta kamba ya ngozi, ndiyo, kamba, imefungwa pale kama mkanda, ukiivuta mlango unaachia kwa mlio mkavu wa bati tupu maana ndani ya ule mlango hakuna sponji wala nini. Hata nembo ya mbele kwenye boneti ni stika badala ya ile ya chuma. Mara ya kwanza niliigusa kwa kucha nikadhani mtu kaiba nembo akabandika karatasi, mzee akaniambia "Hapana kijana, hiyo ndo yenyewe, walihesabu mpaka gramu."

Mwaka ule bei ilikuwa mark za Kijerumani 34,000 na ukitaka iwe nyepesi unaongeza 700. Touring uliongeza 2,500. Yaani mnunuzi wa nyepesi alilipia kuondolewa vitu, na leo vile vilivyoondolewa ndo vinaifanya iwe ghali kuliko Touring kwa mbali sana.

HATUA YA 2: Karatasi na namba kabla ya kuipenda

Ukishaipenda akili inalala, kwa hiyo anza na karatasi ukiwa bado hujaiona kwa macho.

Namba ya chasi ya RS 2.7 inaanza 91136, ile 3 ni mwaka wa modeli 1973 na ile 6 ndo inasema ni Carrera RS, halafu mwisho inakwenda mpaka 1590. Kama inaanza vinginevyo basi ni 911 T au E au S iliyovalishwa nguo za RS, inaweza kuwa gari nzuri tu ya kuendesha lakini bei yake ni nyingine kabisa. Namba hii imegongwa kwenye bati ndani ya buti ya mbele chini ya zulia. Leta tochi na kioo cha mkononi, angalia bati lililozunguka namba: kama kuna mstari wa kuchomelea, rangi imekaa tofauti, au namba hazina kina sawa, hapo usitoe hata shilingi ya kushikia.

Namba ya injini iko upande wa kulia karibu na feni. Lakini swali gumu zaidi ni hili: je ilitoka kiwandani ikiwa M471, au ni Touring iliyovuliwa baadaye? Namba ya chasi haikwambii, zote zinafanana. Na kugeuza Touring kuwa nyepesi ni rahisi, unatoa siti za nyuma, unaweka kamba milangoni, unabandika stika. Kinachoweza kujibu ni kumbukumbu za kiwanda, zile kadi zinazoonyesha gari ilitoka na namba zipi za oda, rangi gani, ikaenda kwa wakala wa nchi gani. Porsche wenyewe wanatoa cheti kwa gari zao za zamani, omba hicho, halafu tafuta mtaalamu anayejulikana kwa RS tu, asiwe ndugu wa muuzaji wala asilipwe na muuzaji, umlipe wewe.

Kitu kingine ambacho waghushi wengi wanakisahau ni namba ya uzalishaji. Hii ni tofauti na namba ya chasi, ni ya ndani ya kiwanda wakati gari inapita kwenye laini, na iliandikwa au kugongwa nyuma ya baadhi ya vipande, vingine huvioni mpaka ufungue. Zikikubaliana zote na kadi ya kiwanda, hapo moyo unaweza kuanza kudunda.

Historia ya mashindano isikutishe. Gari hizi zilinunuliwa kupigwa, RSR ndugu yake ilishinda mbio za Daytona saa 24 mwaka 1973 na Targa Florio mwaka huohuo, kwa hiyo gari 200 za wepesi zisingekaa tu gereji. Kilichogongwa kikatengenezwa na kuandikwa ni afadhali mara mia kuliko kilichogongwa kikafichwa.

HATUA YA 3: Bodi, kutu na mizani

Porsche walianza kupaka zinki bati za 911 nzima kwenye modeli ya 1976. Hii ni ya 1973, tena bati lake jembamba. Umeshaelewa.

Tafuta kutu kwenye sehemu za chini mbele pale mikono ya saspensheni inaposhika, kwenye kibati cha betri, chini ya milango, ndani ya nyumba za taa za mbele, kwenye vizingiti vya chini ya milango, kuzunguka kioo cha nyuma, pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu, na kwenye lile bomba la nyuma linalobeba toshenba, zile fimbo za chuma zinazojisokota kufanya kazi ya springi. Usigonge kwa bisibisi kama wanavyofanya mafundi wengine, kwenye bati hili utaacha alama. Tumia sumaku nyepesi iliyofungwa kitambaa, ikishika kwa kusitasita ujue pale kuna putty nene. Kwenye bampa na kifuniko cha injini sumaku haitashika kabisa na ndo inatakiwa, ikishika kwenye bampa ya nyuma hiyo bampa ni ya chuma, na M471 haikutoka hivyo.

Angalia vioo pembeni uone alama ya Glaverbel. Kioo kimoja kikiwa kimebadilishwa si mwisho wa dunia lakini kiandike kwenye hesabu yako, maana siku utakapokitafuta utajua bei yake.

Halafu kitu ambacho wanunuzi wengi hawafanyi na mimi nawasihi mfanye: ipandishe kwenye mizani. Zile za kuweka chini ya kila gurudumu, gereji za mashindano wanazo. Andika kiasi cha petroli kilichomo, andika kama tairi ya akiba ipo, halafu soma. Huhitaji ipige 960 kamili, lakini ikija na kilo 40 zaidi lazima kuna mahali zimejificha na kazi yako ni kuzitafuta.

Nisimulie jinsi mimi nilivyojifunza hili. Mwaka wangu wa pili mzee alisafiri, nikaipeleka gari gereji moja yenye jina zuri kwa kazi ndogo tu, kubadilisha mipira ya chini. Wakanipigia simu wakasema wameona chini "hakuna kinga", wakashauri wapake lami ya kuzuia kutu na sauti. Nikakubali. Nilikuwa kijana na nilidhani naitendea wema. Ikarudi chini imepakwa nyeusi nzito kila mahali, na ndani chini ya lile zulia jembamba wamebandika mashiti ya kuzuia kelele, tena yale mazulia ya asili ya sakafuni walishayatupa kwa sababu "yalikuwa yamechakaa". Mzee alivyorudi alikaa ndani, akafunga mlango, akasikiliza. Akaufungua akaufunga tena. Mlio ule mkavu haupo.

"Umeongeza nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu twende kwenye mizani, tukaenda, kilo 23 zaidi ya kipimo kilichokuwa kwenye faili lake. Ilinichukua majira mazima ya jioni na wikiendi kuitoa ile lami kwa mikono, kwa hita ya umeme na kipande cha plastiki, sentimita kwa sentimita bila kukwaruza rangi ya kiwanda iliyokuwa chini yake. Mazulia yale hatukuyapata tena, yaliyopo sasa ni ya kushonwa upya kwa mfano na imeandikwa hivyo kwenye faili. Bado inaniuma.

HATUA YA 4: Injini, kwanza ya baridi halafu ya moto

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini, iwe baridi. Muuzaji aliyeichemsha kabla ana sababu yake.

Washa swichi bila kustati, usikie pampu ya umeme ya petroli ikinguruma kidogo, subiri sekunde chache ndo ustati. Kuna mkono mdogo wa gesi katikati ya siti, uvute kidogo inapokuwa baridi. Ikishika itatetema kwanza, hiyo kawaida. Sikiliza mkwaruzo wa cheni upande wowote wa injini: vikaza cheni vya zamani vya 911 vinachoka, na kikifa ghafla cheni inaruka, vali zinakutana na pistoni, na hapo hesabu ya kutengeneza injini hii utaisikia mgongoni. Gari nyingi zimewekewa vikaza vya kisasa vinavyolishwa oili kwa presha kama vile vya Carrera ya 1984. Hiki ndo kitu pekee cha kubadilisha ambacho mimi binafsi nakubaliana nacho kwa roho safi, maana kinalinda injini ya asili na cha zamani unakihifadhi kwenye boksi.

Krankikesi, yaani kasha kuu la injini, ni ya magnesiamu. Nyepesi sana, lakini zile stadi ndefu zinazoshikilia silinda na hedi huwa zinavuta nyuzi zake kwenye magnesiamu taratibu baada ya miaka ya joto. Dalili ni oili kuvuja kwenye kiungo cha silinda na mlio wa hewa ya moto inayotoroka. Injini iliyofunguliwa na fundi anayejua itakuwa imewekewa nyuzi za chuma, uliza risiti, uliza picha. Pima kompresheni na pima pia uvujaji silinda kwa silinda, zote 6, usikubali kupimiwa tatu.

Sasa pampu ya Bosch. Watu wanaiogopa bure, ni mashine ya ajabu nzuri kama ukiiheshimu. Inazungushwa na mkanda wa meno kutoka kamshafti ya kushoto, na kwa kila silinda ina pistoni yake ndogo inayosukuma petroli. Shida ni kwamba mafundi wengi wakiona gari inatoa moshi au inasita, kitu cha kwanza wanakimbilia kuizungusha pampu. Usimruhusu yeyote aguse pampu kabla ya kufuata mpangilio: kompresheni kwanza, nafasi za vali zote 12 ambazo ni milimita 0.10 injini ikiwa baridi, halafu moto wa plagi na wakati wake, halafu vijiti na viungo vya gesi viwe havina mchezo, halafu uwiano wa gesi na pampu. Ukifika mwisho wa orodha mara nyingi utakuta pampu haikuwa na kosa.

Na hapa kuna kitu kidogo mno ambacho kimeua injini nyingi. Kwenye pampu kuna kihisi joto kinachopunguza petroli injini inapopata moto. Kinapata joto lake kupitia hozi inayoleta hewa ya moto kutoka kwenye boksi la ekzosi upande wa kushoto. Hozi ikichanika, ikichomoka, au mtu akiweka ekzosi ya mashindano isiyo na lile boksi, kile kihisi kinadhani injini ni baridi siku zote, kinaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na inashuka chini kuchanganyika na oili. Unaendesha gari ina nguvu vizuri tu huku ndani inajila. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili, kinuse. Kikinuka petroli, itafute hozi. Mimi nainusa kila mwezi, imekuwa tabia.

Giaboksi ni ile 915 ya gia 5. Ikiwa baridi gia ya 2 inaweza kugoma kidogo, usilazimishe, pita taratibu. Ikiwa imepata moto na bado inakwaruza kuingia 1 au 2, sinkro, zile pete zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini, zimekwisha.

HATUA YA 5: Mwezi wa kwanza ikishakuwa yako

Usiiendeshe mbali bado. Kwanza piga picha kila kitu, juu, chini, ndani, kila boliti inayoonekana, ili siku fundi atakaporudisha kitu vibaya una ushahidi ilikuwaje.

Badilisha mipira yote ya petroli, kuanzia tanki mpaka injini. Mipira ya zamani inakauka na petroli ya siku hizi yenye ethanoli inaimaliza haraka zaidi, na gari hii ina injini ya moto nyuma na pampu yenye presha, moto ukishika kwenye faiba hauna huruma. Weka kizima moto ndani, kidogo, kimefungwa bila kutoboa tundu jipya kwenye bati. Najua nilisema usiongeze, hiki kinatoka kwa sekunde 5 siku ya mizani.

Oili inakaa kwenye tanki lake pembeni, sio chini ya injini kama gari nyingine, kwa hiyo kipimo kinasomwa injini ikiwa imepata moto, inaunguruma taratibu, na gari iko sehemu tambarare. Nimeona watu wanapima ikiwa imezimwa na baridi, kijiti kinaonyesha imeisha, wanajaza, halafu ikipata moto oili inafurika mpaka kwenye boksi la hewa na moshi unatoka kama kiwanda. Ongeza kidogokidogo, subiri, pima tena.

Mafuta ya breki badilisha kila miaka 2 hata kama hujatembea, maana yanavuta unyevu. Soma tarehe ya tairi ubavuni, tarakimu 4, mbili za mwanzo wiki na mbili za mwisho mwaka. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka 12 ni takataka. Saizi ya kiwandani ni 185/70 mbele na 215/60 nyuma, zote inchi 15, na Pirelli wamerudi kutengeneza CN36 kwa saizi hizi, hizo zinaifaa. Rimu za Fuchs ni mbele inchi 6 nyuma 7, nati zake ni za aluminiamu, zikazwe kwa spana ya kupima Nm 130, usimpe mtu wa tairi bunduki ya hewa. Narudia, usimpe.

Na wafundishe watu nyumbani: hakuna kukalia boneti, hakuna kuegemea ubavu, hakuna kusukuma gari kwa kubonyeza mkia wa bata. Kufunga buti ya mbele unashusha halafu unabonyeza kwa viganja viwili vilivyofunguka karibu na kufuli, sio ngumi katikati.

HATUA YA 6: Fundi

Fupi tu. Mtafute fundi ambaye anakuuliza maswali kuliko anavyokujibu, na mkubaliane kwa maandishi mambo mawili: hatupi kitu chochote kilichotoka kwenye gari hii hata kiwe kimevunjika, na haongezi kitu bila kukupigia. Kila spea ya asili inayotoka inaingia kwenye mfuko wa plastiki na lebo. Makazi ya spea hizo ni shelfu moja kwenye chumba kikavu, na siku ya kuuza shelfu hiyo ina thamani ambayo haiaminiki.

HATUA YA 7: Kuiendesha

Lazima iendeshwe. Iliyosimama miaka inakauka sili, pampu inashika kutu ndani, breki zinagandia. Mara mbili kwa mwezi kama hali ya hewa kavu, na kila safari iwe ndefu ya kutosha oili ipate moto kabisa, angalau nusu saa. Kuiwasha dakika 5 gereji halafu kuizima ni mbaya kuliko kuiacha, unatengeneza maji ndani ya ekzosi na petroli ndani ya oili, basi.

Mwanzoni usivuke mizunguko 3,500 mpaka sindano ya joto ipande. Baada ya hapo iache iimbe, chini ya 4,000 inatulia tu, ikivuka 5,000 ndo utajua kwa nini watu wanauza nyumba kwa ajili yake.

Lakini kona uziheshimu. Injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, hakuna kompyuta yoyote ya kukuokoa. Breki malizia gari ikiwa bado imenyooka, ingia polepole, ukishaingia weka mafuta kidogo na uyashikilie, toka ukiongeza. Ukiingia kwa kasi ukaogopa ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unaruka mbele, nyuma inabaki haina kitu, na inakuzunguka kabla hujasema kitu. Mkia wa bata unashikisha nyuma kwenye spidi kubwa, kona ya kilomita 60 haujui habari zako. Nenda siku moja kwenye uwanja wa mazoezi mtupu na mwalimu, na gari nyingine ya injini ya nyuma isiyo ya thamani hii, mguu ujifunze huko.

HATUA YA 8: Kuilaza

Chumba kikavu, unyevu karibu asilimia 50, kifaa cha kuvuta unyevu ni cha bei ndogo ukilinganisha na bati la RS. Kava iwe ya kitambaa kinachopumua, nailoni inafungia maji ndani. Oili mpya kabla ya kulala maana ile chafu ina asidi. Tairi ongeza upepo kidogo. Betri unganisha kwenye chaja ya kutunza. Hendibreki usiivute, weka vigingi chini ya gurudumu. Angalia panya, wanapenda sana mabomba ya hewa ya injini hizi, mimi nimekuta kiota kwenye feni.

HATUA YA 9: Bima na faili

Bima ya kawaida inakulipa kama gari kuukuu ya miaka 50. Unataka bima ya thamani mliyokubaliana, yaani kiasi kimeandikwa kwenye mkataba kabla, na thamani hiyo ipitiwe upya kila mwaka au miaka 2 na mthamini anayetambulika. Muulize wazi kuhusu spea zilizo kwenye shelfu na kuhusu gari ikiwa juu ya trela, maana huko ndo wengi wanakosa.

Faili liwe la karatasi na nakala yake sehemu nyingine. Ndani yake cheti cha kiwanda, risiti zote, picha za kila kazi, vipimo vya kompresheni vya kila mwaka, na karatasi ya mizani. La mzee lina kurasa za mizani 11 sasa, moja kila Januari, robo tanki, bila dereva. Ukurasa wa mwaka wangu wa pili una maandishi yake pembeni kwa kalamu ya wino, "lami, imetolewa", na tarehe, na chini yake namba mpya baada ya mimi kumaliza kukwangua: 962.